Unasafiri Miezi Miwili, Gari Unaliachaje?

DADA: Haya karibuni tena, leo mada imeletwa na msikilizaji wetu mmoja, anasafiri likizo ndefu kama miezi miwili hivi, gari linabaki nyumbani. Anauliza afanye nini. Mi jibu ninalo tayari, fundi, mwachie mtu funguo awe analiwasha dakika tano kila baada ya siku mbili tatu. Kipindi kimeisha.

FUNDI: (anacheka) Hapo ndo tunaanza kugombana sasa. Hiyo ya dakika tano bora asiliguse kabisa.

DADA: We! Kila mtu anafanya hivyo.

FUNDI: Najua, na ndo maana betri zinakufa. Sikiliza dada, ukipiga stata unavuta umeme mwingi sana kwa mpigo, halafu injini ikiwa sailensa tu, yaani inaunguruma bila gari kutembea, alteneta, ile inayochaji betri, inarudisha kidogo kidogo, dakika tano hazitoshi kulipa lile deni. Sasa fanya hivyo kila baada ya siku tatu uone. Na bado kuna maji.

DADA: Maji ya wapi tena?

FUNDI: Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, ndo yale matone unaona yanadondoka kwenye eksozi asubuhi. Injini ikipata moto vizuri na ukatembea, yanakauka yote. Ukizima baada ya dakika tano yanabaki humo humo, mengine kwenye eksozi inakula kutu, mengine yanaingia kwenye oili. Kwa hiyo kama mtu wako anaaminika, mwambie alitoe barabarani nusu saa nzima, kila wiki mbili hivi. Kama haaminiki, asiwe na funguo, basi.

DADA: Na kama hamna mtu kabisa?

FUNDI: Chomoa betri. Ngoja niwape hesabu kidogo maana watu wanadhani gari likizimwa limezimwa. Alam ipo macho, saa inatembea, ile sehemu ya rimoti inasikiliza funguo muda wote. Tuseme vyote vinakula miliampi 50, kwa siku ni kama ampi-saa 1.2. Betri yako ya ampi-saa 60 baada ya siku 25 imeshafika nusu, na hiyo ni betri mpya iliyojaa, ya zamani haifiki huko. Halafu ikikaa imeshuka hivyo wiki kadhaa inatengeneza salfeti, yaani ukoko, kwenye plati za ndani, ukirudi hata uchaji haipokei vizuri tena. Iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, ukiona chini ya 12.4 ichaji kwanza ndo usafiri.

DADA: Kuchomoa ni spana namba kumi tu si ndio?

FUNDI: Mara nyingi ndiyo. Unaanza na negativu, ukirudi positivu ndo inatangulia kufungwa. Lakini kabla hujachomoa!! Angalia buti. Magari mengi siku hizi buti linafunguka kwa umeme, na kuna mengine betri lenyewe limo kwenye buti, ukifunga umekwisha. Na jaribu ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti kama unafungua mlango wa dereva, maana rimoti haitafanya kazi.

DADA: Aisee, mi sikujua hata kama mle ndani kuna ufunguo.

FUNDI: Wengi hawajui. Kama una umeme pale unapopaki, chukua ile chaja ndogo ya kutunza betri, inajizima ikijaa, hapo huchomoi kitu na alam inabaki inafanya kazi.

DADA: Tairi je?

FUNDI: Jaza upepo, ongeza kidogo juu ya kawaida, ila usizidi kile kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukirudi ushushe. Kubwa zaidi ni hendibreki, usiivute. Pedi zinagandana na diski au dramu kwa kutu, unarudi gari halisogei. Paki sehemu tambarare, weka gia, au P kama ni otomatiki, zuia tairi kwa gogo au jiwe. Zile hendibreki za kitufe nyingine zinajifunga zenyewe ukizima gari, soma kitabu cha gari uone inazuiwaje.

DADA: Mafuta, tanki tupu au lijae? Mi ningeacha tupu, nani akalishe wezi.

FUNDI: Lijae dada, hewa ikiwa nyingi kwenye tanki ndo unyevu unapata pa kuganda. Kwa miezi miwili petroli haina shida, ikizidi miezi mitatu minne hivi weka ile dawa ya kutunza mafuta, uendeshe kidogo ifike mpaka kwenye injini.

DADA: Na wa magari ya umeme tusiwasahau.

FUNDI: Wao betri kubwa waiache nusu nusu hivi, isijae kabisa wala isikaribie sifuri, na wazime zile kamera za ulinzi zinazokesha. Ila nao wana kibetri cha volti 12 kama sisi, wasome kitabu chao kinasemaje.

DADA: Kuosha nalo? Kava?

FUNDI: Lioshe, likauke, kinyesi cha ndege kinakula rangi. Kava liwe linalopumua, sio nailoni. Na ndani toa makombo yote, hata pipi, kwa sababu ya panya. Panya ndo baya kuliko vyote nilivyosema leo, anatafuna waya, na kulifuatilia shoti la waya ni kazi ya siku nzima.

DADA: Kwa hiyo siku ya kurudi?

FUNDI: Usirukie funguo. Chungulia chini kama kuna kilichovuja, pima oili na upepo, fungua boneti, fungua na boksi la ea klina, ile ya kuchuja hewa ya injini, maana humo ndo panya anapenda kujenga. Ukianza kutembea breki zitakwaruza, ni kutu juu ya diski, kanyaga taratibu mara kadhaa itaisha. Isipoisha peleka gereji.

DADA: Sawa fundi. Maswali mengine tumeni, tutayachukua wiki ijayo.