Mfupa Unapovunjika Bila Kuanguka

Ndugu zangu, karibuni. Mtoto akivunjika mara ya tatu kabla ya umri wa kwenda shule, ushauri humiminika: mpeni kalsiamu, mtoeni juani. Ni ushauri mwema, ila mtoto mwenye osteojenesisi impafekta, ugonjwa wa kijeni unaofanya mifupa ivunjike kwa urahisi, haumponyi. Hata akipewa kalsiamu ya kutosha, kasoro yake iko kwingine.

Ugumu wa mfupa unatokana na madini. Uwezo wake wa kupinda kidogo bila kukatika unatokana na protini iitwayo kolajeni. Kolajeni ya aina ya kwanza, ambayo ndiyo imejaa mifupani, ni minyororo mitatu ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, iliyosukwa pamoja kama kamba. Katika kila mnyororo, kila amino asidi ya tatu ni glaisini, ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msuko hapaenei nyingine. Ikikaa nyingine hapo, msuko unaharibika.

Maelekezo ya kutengeneza minyororo hiyo yamo katika jeni mbili, COL1A1 kwenye kromosomu ya 17 na COL1A2 kwenye kromosomu ya 7. Wagonjwa walio wengi wana hitilafu katika mojawapo. Na hapa pana jambo linalonistaajabisha hadi leo. Mtu ambaye nakala yake moja ya COL1A1, kati ya mbili alizo nazo, imezimika kabisa hutengeneza nusu tu ya kolajeni, lakini nusu hiyo ni nzima, na kwa kawaida ugonjwa wake huwa mwepesi. Mwingine nakala zake zote zinafanya kazi, ila moja inatoa mnyororo mbovu. Mbovu huo unasukwa pamoja na mizima na kuiharibu. Mara nyingi huyu wa pili ndiye anayeumia zaidi.

Mwaka 1979 David Sillence na wenzake, huko Australia, waligawa ugonjwa huu katika aina nne. Ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ni kali mno, watoto wengi hufariki tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Ya tatu hupinda mifupa kadiri mtoto anavyokua, na ya nne iko katikati. Baadaye ziligunduliwa jeni nyingine kadhaa, sitawachosha nazo.

Kwa kuwa kolajeni haiko mifupani peke yake, dalili nazo husambaa. Weupe wa jicho ukiwa mwembamba, tabaka la chini yake huonekana, na jicho likawa na ubuluu. Wengine meno yao humeguka, wengine husikia kwa shida wakifika utu uzima. Akili haiguswi.

Swali linaloumiza familia ni: umetoka kwa nani? Mara nyingi nakala moja yenye hitilafu inatosha, kwa hiyo mzazi mwenye ugonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 kuurithisha katika kila mimba. Lakini wako watoto wanaozaliwa na wazazi wasio na dalili yoyote, kwa sababu badiliko la jeni limetokea upya. Halikuletwa na chakula alichokula mama wala kazi aliyofanya. Akina baba mlioketi nyuma, hili nimelisema kwa ajili yenu.

Tiba ipo, ya kuponya kabisa bado. Dawa za bisfosfoneti hupunguza kasi ya seli zinazomeng'enya mfupa. Mwaka 1998 Francis Glorieux na wenzake, Montreal, walichapisha matokeo ya pamidroneti, mojawapo ya dawa hizo, kwa watoto. Mfupa huongezeka uzito, kolajeni inabaki ilivyo. Wapasuaji nao huweka ndani ya mifupa mirefu vyuma vinavyorefuka mtoto anapokua. Ila kumlaza mtoto kwa kuogopa asivunjike ni kumdhoofisha: mfupa usiotumika hupungua. Mazoezi ya majini humfaa sana.

Mwenye kichanga, usimwinue kwa vifundo vya miguu unapombadilisha nepi. Pitisha kiganja chini ya matako yake, kingine kibebe kichwa na mabega, vidole umevitanua. Unapomvalisha, usimvute mkono. Ingiza wako kwanza kwenye mkono wa nguo, uupokee wake taratibu. Nina mwanasesere hapa. Sogeeni mjaribu, halafu tuchukue maswali.