Mabel Mercer: Mwimbaji Aliyekaa Kitini

ZUHURA: Karibuni kipindini. Leo tuko New York, kwenye klabu ndogo zenye moshi wa sigara na meza za watu wawili wawili. Tunamsikiliza Mabel Mercer, mwimbaji wa kabareti, yaani wa kuimbia watu wachache klabuni. Juma, umemsikiliza?

JUMA: Nimemsikiliza. Na niseme ukweli, da Zuhura, wimbo wa kwanza nilidhani ananisomea taarifa ya habari.

ZUHURA: [anacheka] Hapo hapo tuanzie, maana hukukosea sana. Anavyotamka, kila silabi ina haki yake. Hamezi neno. Ni Mwingereza, alizaliwa Burton upon Trent mwaka 1900. Mama yake alikuwa msanii wa jukwaani, Mzungu. Baba yake mwanamuziki, Mmarekani mweusi, ambaye Mabel hakuwahi kumwona. Akasomeshwa na masista huko Manchester, na alipofika miaka 14 akaacha shule, akaanza kuzunguka na maonyesho.

JUMA: Kumbe matamshi yale ni ya masista!

ZUHURA: Masista na jukwaa. Enzi hizo hakuna maikrofoni. Mtu wa siti ya mwisho asipokusikia, umekwisha.

JUMA: Lakini jina lake halikuanzia Uingereza. Lilianzia Paris.

ZUHURA: Paris, Montmartre, miaka ya 1930, kwenye klabu ya Bricktop. Bricktop mwenyewe ni Ada Smith, Mmarekani mweusi mwenye nywele nyekundu, mama mjini hasa. Cole Porter, mtunzi wa nyimbo wa Kimarekani, alikuwa mteja wake wa kudumu. Kwa hiyo Mabel anaimba nyimbo za Porter, na Porter mwenyewe amekaa pale na kinywaji chake. Hebu jiweke wewe: mtunzi yuko mezani, anakutazama mdomoni.

JUMA: Mimi ningesahau beti zote.

ZUHURA: Na ile tabia yake ya kuimba amekaa ilizaliwa huko huko. Klabu ni ndogo, unakwenda mezani kwa mteja, unakaa naye, unamwimbia yeye. Alipohamia New York akabaki na kiti chake. Kiti cha kawaida, chenye mgongo ulionyooka. Shali mabegani, mikono imetulia mapajani, taa moja inammulika. Haamki, hatembei.

JUMA: Sasa hapo ndipo ninapotaka kukubana. Mtu ambaye hajawahi kumwona, ana sauti tu kwenye rekodi, anapata nini? Kwa sababu kiti hakisikiki.

ZUHURA: Kinasikika, lakini subiri. Kwanza tuwaeleze wasikilizaji nyimbo zenyewe. Hizi ni zilipendwa za Kimarekani, nyingi zimetoka kwenye michezo ya kuigiza yenye nyimbo ya Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, kuanzia miaka ya 1920 mpaka ya 50. Watunzi ni Cole Porter, Rodgers na Hart, Gershwin, watu hao. Kwenye mchezo, mhusika hawezi kukurupuka tu akaimba kiitikio. Lazima kuwe na daraja la kumtoa kwenye mazungumzo. Kwa hiyo mtunzi anaweka utangulizi, mistari kadhaa ya karibu kuzungumza, inayokueleza huyu ni nani na amefikaje hapa.

JUMA: Na bendi za dansi zikautupa.

ZUHURA: Zikautupa wote! Watu wanataka kucheza, utangulizi wa nini? Nyimbo nyingi leo tunazijua hazina vichwa. Mabel aliurudisha utangulizi. Alikuwa anaimba wimbo mzima kama ulivyoandikwa, na ghafla unagundua wimbo uliodhani ni wa mapenzi matamu kumbe ni wa mtu aliyeachwa anayejikaza.

JUMA: Hilo nalikubali, tena bila ubishi. Na unajua nani alilichukua? Mwimbaji Frank Sinatra. Ana rekodi ya "Stardust" ya mwanzoni mwa miaka ya 60 ambayo ni utangulizi peke yake. Kiitikio, ambacho dunia nzima inakijua, hakigusi!

ZUHURA: Na Sinatra hakuficha. Alisema hadharani kwamba namna ya kulishika neno la wimbo alijifunza kwa Mabel Mercer. Alikuwa anakwenda kumsikiliza pale klabu ya Tony's, mtaa wa 52 wa New York, ambapo Mabel aliimba kwa miaka karibu yote ya 1940. Mtaa ule ule Billie Holiday, mwimbaji wa jazz, naye anafanya kazi. Yaani ukitoka mlango huu unaingia ule.

JUMA: Mtaa mmoja, walimu wawili.

ZUHURA: Haya, sasa twende kwenye kiti. Chukua wimbo uitwao "The End of a Love Affair". Aliutunga Edward Redding, na Mabel ni miongoni mwa watu walioufanya ujulikane. Mtu ameachwa. Anaorodhesha anavyofanya siku hizi: anatembea haraka mno, anaendesha gari kasi mno, anaongea sana, anacheka sana, sauti yake iko juu mno mbele za watu. Sasa wewe kama mwimbaji utafanyaje?

JUMA: Nitacheka sana, niongee kwa sauti kubwa. Nitaigiza.

ZUHURA: Wengi wangefanya hivyo. Mabel haigizi chochote. Anakueleza tu, kwa utulivu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo na kujisema. Vurugu lote liko kwenye maneno, na yeye amekaa. Ndiyo maana nasema kiti kinasikika: yule anayekwambia "nimekuwa mtu wa fujo" hana fujo hata kidogo. Hapo ndipo unapomwogopea.

JUMA: Billie Holiday aliurekodi pia, mwaka 1958, kwenye albamu ya "Lady in Satin". Sauti imechakaa, vayolini zinalia nyuma. Mimi nikiusikiliza ule wa Billie naumia. Wa Mabel, naelewa. Na siku nyingine sitaki kuelewa, da Zuhura, nataka kuumia.

ZUHURA: [anacheka] Haya, hiyo ni haki yako.

JUMA: Siyo mzaha. Kuna mahali anazidisha adabu. Ile "r" anayoizungusha, kila neno limepigwa pasi. Wimbo wa mtu mlevi saa nane usiku, unaimbwa kama hotuba ya harusi.

ZUHURA: "R" hiyo sisi tunaitamka kila siku, usimlaumu kwa hilo! Lakini nakupa nusu. Kwenye nyimbo za kuchekesha za Porter, ule unadhifu unafaa kabisa, kwa sababu kichekesho kiko kwenye vina, na kina kikimezwa kichekesho kimekufa. Kwenye nyimbo nzito za huzuni, ndiyo, kuna nyakati ungependa avue viatu.

JUMA: Asante. Irekodiwe kwamba Zuhura amenikubalia.

ZUHURA: Nusu, nimesema nusu. Sasa nikupe mfano ambao hutoki. "Fly Me to the Moon."

JUMA: Wa Sinatra.

ZUHURA: Wa Bart Howard! Alikuwa mpiga piano wa Mabel kwa miaka kadhaa mwishoni mwa miaka ya 40. Wimbo aliuandika mwaka 1954, na jina lake la kwanza lilikuwa "In Other Words". Tena ulikuwa walzi, mapigo matatu, taratibu, wimbo wa kabareti hasa. Sinatra alikuja nao na bendi ya Count Basie mwaka 1964, Quincy Jones akaupanga upya kwa mapigo manne, na ukawa ule unaopigwa kwenye harusi na matangazo.

JUMA: Na mpaka mwezini ulihusishwa, enzi za Apollo, zile safari za Wamarekani za mwezini.

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Lakini sikiliza kinachosemwa. Mtu anaanza na mwezi, na nyota, na sayari, makubwa matupu. Halafu anajisahihisha: ninachomaanisha ni kwamba nishike mkono. Wimbo wote ni huko kujisahihisha. Mtu mwenye haya amepanda juu sana kwa maneno na sasa anatafuta pa kushukia. Ukiupiga kwa kasi ya Basie, unasikia safari ya mwezini, na ni raha tupu, sikatai. Ukiupiga taratibu, unasikia haya. Na mwandishi wake aliishi miaka ile akimsindikiza Mabel kila usiku. Mimi siwezi kuamini kwamba hakujifunza kitu.

JUMA: Hapo umenishika. Na niongeze hili la sauti: alipoanza alikuwa na sauti ya juu, nyembamba. Kadiri miaka ilivyokwenda ikashuka, ikapungua, mpaka uzeeni ni karibu anazungumza tu na piano. Waimbaji wengi sauti ikifika hapo wanastaafu.

ZUHURA: Yeye ndipo wakazidi kumjia. Mwaka 1968 akafanya tamasha na Bobby Short, mwimbaji na mpiga piano, ukumbi wa Town Hall, New York. Ana miaka 68. Rekodi ipo. Sauti imebaki kidogo, lakini nafasi kati ya neno na neno, pale anapovuta kidogo kabla hajasema jambo gumu, hapo hakuna wa kumfundisha. Mtu aliyezoea taarabu asilia hapati tabu kumwelewa: mwimbaji katulia, kakaza macho, na ukumbini kila mtu anajiuliza neno lile kaambiwa nani.

JUMA: Na bila watu wa kuja kutunza.

ZUHURA: Walimtunza kwa namna yao. Mwaka 1983 Rais Reagan alimpa Nishani ya Rais ya Uhuru, ya juu kabisa kwa raia Marekani. Akafariki Aprili mwaka uliofuata, Pittsfield, Massachusetts. Miaka mingi alikuwa na shamba kaskazini mwa jiji la New York, anatoka klabu anarudi kwenye mifugo na bustani yake.

JUMA: Kwa msikilizaji anayeanza sasa, aanze wapi? Maana mimi ulinipa za uzeeni kwanza, na nusura nizime.

ZUHURA: Mwanzo ni rekodi za kampuni ya Atlantic za miaka ya 50. Ile ya nyimbo za Cole Porter, ya 1955, ni mlango mzuri kwa sababu nyimbo nyingine utakuwa umeshazisikia kwa watu wengine, kwa hiyo utaona anachobadilisha. Chagua wimbo mmoja tu, usikilize kwa Ella Fitzgerald, yule mwimbaji wa jazz, kisha kwa Mabel. Ella atakupa muziki, hilo halina mpinzani. Kwa Mabel sikiliza mstari wa pili au wa tatu, ambao kwa kawaida tunauruka tukisubiri kiitikio.

JUMA: Na Town Hall?

ZUHURA: Iache mpaka umzoee. Halafu isikilize usiku, na usiwe unaosha vyombo.

JUMA: Mimi kwenye ile ya Town Hall bado nampenda zaidi Bobby Short.

ZUHURA: Najua. Bobby Short aliimba klabu ya Café Carlyle, New York, kuanzia mwaka ule ule wa 1968 mpaka 2004, kwa hiyo anastahili kipindi chake. Utakileta wewe, na mimi ndiye nitakayekubana.

JUMA: Niko tayari. Na sitaki kusikia neno "utangulizi" hata mara moja.