Barua ya Pudentilla

Ndugu zangu, narudi palepale, na aliyechoka avumilie. Ikitajwa kesi ya Apuleius, mwandishi wa Kirumi aliyeshitakiwa kwamba alimroga mjane tajiri ili amwoe, kule Sabratha (Libya ya leo) karibu mwaka 158, mbele ya liwali Claudius Maximus, kila mtu hukimbilia wale samaki ambao washitaki walisema aliwatafuta kwa uchawi. Samaki ni kelele. Shikeni barua.

Pudentilla, ndiye mjane huyo, wa mji wa Oea (Tripoli ya leo), alimwandikia mwanawe Pontianus kwa Kigiriki. Herennius Rufinus, baba mkwe wa Pontianus, akaipitisha sokoni ikiwa wazi mahali pamoja tu: Apuleius ni mchawi, ameniroga, nampenda, njoo ningali na akili zangu. Mke kakiri kwa mkono wake! Utabishia wapi?

Apuleius hakubisha. Kwa amri ya liwali, nakala ilichukuliwa mbele ya mashahidi, karani wa Pontianus akiwapo na mshitaki Aemilianus mwenyewe akihakiki. Ndipo mistari ya juu ikasomwa. Kumbe mama anamsuta mwanawe: wewe ndiye uliyenihimiza niolewe naye, leo wabaya wamekujaza maneno, mara Apuleius mchawi, mara mimi nimerogwa! Masuto yakakatwa kichwa, yakaitwa ungamo. Na utaratibu huo si urembo. Angesoma nakala ya kwake, wangesema kaighushi. Aemilianus akishahakiki, hana pa kutokea.

Mtasema angekana tu kwamba uchawi upo, yaishe. Kwa nani? Sheria ya Cornelia ya mwaka 81 KK, sheria ya Kirumi juu ya wauaji na watia sumu iliyotumiwa pia kwa wachawi, ilibeba adhabu ya kifo, na barazani pale uchawi hakuna aliyeutilia shaka. Njia iliyobaki ni kuuliza: limbwata la nini, faida iko wapi?

Na yule mtumwa Thallus, ambaye washitaki walidai aliangushwa na uchawi wa Apuleius? Ana kifafa, huanguka bila kisomo. Watumwa 14 waliodaiwa na washitaki waliletwa. Hakuna aliyewauliza neno.

Hesabu sasa. Mali ya Pudentilla ni sesterti 4,000,000. Mahari, ambayo kwa Warumi hutoka kwa mke, 300,000 tu, tena kwa sharti kwamba mke akifa bila kumzalia Apuleius, zote zirudi kwa wanawe. Washitaki bado wananong'ona: wosia wa Pudentilla je? Apuleius akamwomba Maximus avunje lakiri yeye mwenyewe. Mrithi aliyetajwa ni Pudens, mtoto mdogo wa Pudentilla, yuleyule ambaye kesi ilifunguliwa kwa jina lake.