Anayejaza Fomu Ndiye Mwenye Wimbo

Asante, Mwenyekiti. Shikamooni wakubwa zangu mliokaa mbele. Wanaonijua wanajua nitakachosema, kwa hiyo mwenye kusinzia asinzie sasa, tutamwamsha wakati wa chai.

Kila tukikaa wanamuziki tunalalamika kwamba mtandao haulipi. Haya, umlipe nani? Ukitaka kupakia wimbo kupitia wasambazaji wa mtandaoni, unapewa fomu. Ina nafasi ya mwimbaji, ya mtunzi wa maneno, ya mtunzi wa muziki, ya prodyuza. Kijana wetu anaandika jina lake kila nafasi, anabonyeza, anakwenda kulala. Mpiga gita la solo hayumo. Waitikiaji hawamo. Wa besi ndiyo kabisa, hata kwenye picha alikatwa. Enzi za bendi, mwimbaji alimwita mpiga gita kwa jina ndani ya wimbo wenyewe, kabla gita halijachanganya. Leo wimbo unasikika mpaka Muscat na hatujui nani kapiga.

Kuna mzee mmoja, simtaji kwa heshima yake, alitunga wimbo miaka ya 1970 ambao nyote humu mmeuchezea. Mwanawe akautoa kwenye kanda, akaupandisha YouTube na picha ya baba yake kavaa suruali ya bugaluu. Siku ya pili simu ikalia: taarifa ya Kiingereza, wimbo huu una mwenyewe, mapato ya matangazo yatakwenda kwake. Huyo mwenyewe ni kampuni ambayo mzee hajapata kuisikia. Ilikusanya nyimbo za zamani, ikazisajili, basi. Mtambo wa YouTube haukukosea! Unachofanya ni kulinganisha sauti na sauti zilizosajiliwa. Haukuwepo ukumbini mzee alipokuwa anatunga. Unamjua aliyewahi kujaza fomu.

Najua wakili mmoja hapa ananyoosha kidole: haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa, ni moja, haki ya utunzi ni nyingine. Sawa kabisa, wakili, shusha mkono. Ndiyo maana nasema mzee angedai utunzi wake. Ukipinga dai pale YouTube, mdai ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, dai linafutika. Kijana hakupinga. Aliogopa Kiingereza, akafuta video. Na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, hapa Tanzania, inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake! Hicho ni chakula cha wajukuu, kimefutwa kwa kidole gumba.

Mtaniambia mtandao umetutoa mikononi mwa wauza kanda wa Kariakoo. Kweli, sikatai. Wale walikuwa wanakununua wimbo mzima kwa nauli ya kurudi nyumbani. Lakini angalau ulimjua, ukikasirika unakwenda dukani kwake ukapige meza. Hili jipya utaligongea mlango gani? Spotify, huduma ya kusikiliza nyimbo mtandaoni, imefika kwetu 2021. Tangu 2024, wimbo usiosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mrabaha kwao hata senti. Kwa YouTube, ili upate mgao wa matangazo ya video ndefu unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa. Wa taarab kule Pemba mwenye wasikilizaji mia mbili waaminifu anahesabiwa hana kitu.

Wakenya mwaka 2022 walirekebisha sheria yao: miito ya simu, ule wimbo anaousikia anayekupigia, mwenye haki za wimbo apate si chini ya asilimia 52. Nawapongeza. Ila anayelipwa ni aliyeandikwa, tunarudi palepale kwenye fomu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na kurasa tatu za akili mnemba, nyimbo zinazotungwa na kompyuta zilizolishwa nyimbo zetu. Nitazisema siku nyingine, kwa sababu hata tukishinda kesi hiyo wataomba orodha ya watunzi. Karatasi za mgawanyo, za kuandika nani ana fungu gani la wimbo, ziko pale mlangoni. Zijazwe studio, kabla ya biti kuwashwa, na mpiga besi aweke sahihi yake mwenyewe.