Manasa Ukutani: Michoro ya Wapatua wa Bengal

Habari za jioni, ndugu zangu, na karibuni.

Watu huniuliza kama ni adabu kumtundika mungu wa kike wa Kihindu sebuleni, kati ya saa na kabati la vyombo, awe pambo tu. Mimi huwajibu: unatundika mchoro upi? Maana huko Bengal kwenyewe, eneo ambalo leo ni sehemu ya India na Bangladesh, ipo iliyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya nyumba.

Sara ni mmojawapo. Ni kifuniko cha udongo cha mviringo, kilichobinuka kidogo, ambacho huchorwa Lakshmi, mwenye kuleta neema, pamoja na bundi wake. Usiku wa mwezi mpevu baada ya sherehe za Durga, mungu mwingine wa kike, familia humwabudu kwenye sara badala ya sanamu. Bengal ilipogawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947, wakimbizi wa upande wa mashariki walihamia magharibi na desturi hiyo.

Kuna na michoro ya Kalighat. Katika karne ya 19 wachoraji wa vijijini waliingia jiji la Calcutta, wakafungua vibanda karibu na hekalu la Kali, naye pia mungu wa kike. Mahujaji walikuwa wengi na mifuko yao myepesi, kwa hiyo brashi ilibidi ikimbie: karatasi ya kiwandani, rangi ya maji, mstari mmoja mnene kutoka begani hadi kiwikoni, nyuma pakaachwa peupe. Hujaji alirudi kwao na Kali wake, ulimi nje. Kisha zikaja picha za mashine, rahisi zaidi, na biashara ile ikafa.

Lakini gombo, yaani mchoro mrefu wa kuviringishwa, ni habari nyingine kabisa. Nendeni Naya, kijiji cha wilaya ya Paschim Medinipur. Wachoraji wa pale, Wapatua, hutumia jina la ukoo Chitrakar, na wengi wao ni Waislamu. Ndiyo, Waislamu wanaomchora Durga na kumwimbia. Wanaoshangaa ni sisi wageni. Buluu wanaipata kwenye ua la aparajita, manjano kwenye binzari, weusi kwenye masizi. Rangi huchanganywa ndani ya kifuu cha nazi na utomvu wa tunda la bel ili ishike. Nyuma ya karatasi hubandikwa kitambaa cha sari kuukuu, ndipo gombo linavumilia kuviringishwa miaka na miaka.

Mchoraji hulifungua kidogo kidogo, kidole kikionyesha, sauti ikiimba. Kisa kimoja ni hiki: Chand, mfanyabiashara mkaidi, anakataa kumwabudu Manasa, mungu wa kike wa nyoka. Mwanawe anaumwa na nyoka usiku wa harusi. Behula, bibi harusi, anapanda chelezo na maiti ya mumewe, wanateremka na mto.

Sasa wewe ulikate gombo hilo, ukitie kipande kimoja kwenye fremu! Unabaki na mwanamke na nyoka, basi. Wapatua si wajinga: wanachora pia vipande vya mraba, tukio moja moja, kwa wateja wa ukutani. Nunueni hivyo. Gombo liwekeni sandukuni, mlikunjue wageni wakija, mwasimulie.

Na msitundike panapopigwa na jua. Manjano ya binzari ndiyo hupauka kwanza.