Mjusi wa Buluu wa Kimboza: Rangi Yake Ndiyo Kipimo cha Umbali

Ndugu wapiga picha, leo tumwangalie mnyama mmoja tu: Lygodactylus williamsi, mjusi wa buluu wa Kimboza. Anaishi porini Tanzania pekee, mkoani Morogoro, katika misitu iliyo chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki. Urefu wake haufiki sentimita 10, mkia ukiwemo. Maisha yake ameyafunga kwenye mkadi, mti wenye majani marefu membamba yenye miiba, kwa hiyo msipoteze asubuhi mkikagua vigogo vingine.

Akishapata kibali cha msitu, mtu atafute mkadi unaopigwa na jua, asimame mita 3 hivi, atulie dakika 20. Huyu ni mjusi wa mchana. Hutoka mwenyewe kuota jua kwenye jani. Tafadhalini, msipanue majani wala kutikisa mti. Huko ndani ndiko anakojificha.

Dume aliyetulia ni buluu ya kung'aa, koo lina mistari myeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike ana ukijani wa shaba. Lakini dume akiogopa, au akizidiwa na dume mwenzake, hufifia akawa kama jike. Hapo wengi hukosea: wanaandika "jike" chini ya picha ya dume waliyemtisha wenyewe. Tazameni koo kwanza. Na buluu ikianza kufifia mbele ya lenzi, rudini nyuma taratibu, msubiri irudi.

Lenzi ndefu inayoweza kufokasi karibu, kama ya milimita 100-400, inafaa kuliko makro fupi (lenzi ya vitu vidogo inayokulazimu usogee sana). Anzeni na tundu la lenzi f/8, shata sekunde 1/250, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600. Buluu hii huungua upesi, yaani huzidiwa na mwanga: kwenye histogramu, grafu ya mwanga ya kamera, mstari wa jumla huonekana salama ilhali ule wa buluu umeshagonga ukuta wa kulia, na magamba yanageuka doa tupu. Punguzeni mwangaza theluthi mbili za stopu (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), mhifadhi faili ghafi (RAW), na mizani ya rangi (white balance) iwe ya jua, maana ile ya kujiendesha huyumbishwa na kijani cha msitu.

Zimeni GPS, inayoandika mahali ndani ya picha, kabla ya kuingia. Wakamataji wamewahi kukata mikadi mizima ili kuwafikia mijusi hawa wauzwe nje, hadi biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017. Mtu akiwaomba mahali kamili, mtajieni mkoa tu.