Fomu Nambari 14

Maina: Haya, tumeingia. Hii maiki ya pili imefungwa na raba kwa hivyo mkisikia kama niko ndani ya tanki mnisamehe. Mwalimu, mbona sauti imeenda?

Kadzo: Upepo, ndugu yangu. Jumatano nilikuwa Ngong na Form Three, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na skafu nikaiacha kwenye basi. Nimeshindana kelele na mitambo siku nzima.

Maina: Mtu wa Kilifi na baridi. Wasikilizaji wanakumbuka ile ya Naivasha.

Kadzo: Naivasha usiilete leo.

Maina: Blanketi mbili jamani, mchana.

Kadzo: Naendelea. Kwa wale wanaijua Ngong ya nyama choma peke yake, ukipanda juu mlimani kuna mitambo 30 ya kutengeneza stima kwa upepo, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 25.5. Kabla ya hizo kulikuwa na mbili za kwanza, zililetwa 1993, msaada wa serikali ya Ubelgiji, kwa hivyo kuna watu pale wamezaliwa wakazikuta zinazunguka. Sasa utafiti wetu ulikuwa mtazamo wa wenyeji. Upepo unazungushaje panga, hiyo iko kwa kitabu. Sisi tulitaka kujua anayeishi nazo anazionaje. Fomu 30, maswali 12, watoto wanatembea wawili wawili.

Maina: Na leo ndio tumepanga kuwapa watu mambo matano ya kuandaa hojaji, nimeyaandika hapa, karatasi ndiyo hii. La kwanza...

Kadzo: Ngoja hilo la kwanza, nikupe ya mbuzi.

Maina: Mbuzi yupi?

Kadzo: Wengi walisema mitambo ni mizuri. Mama wa mahindi choma pale getini akatuambia kama si hizo feni hawa wanaokuja na viatu vya kupanda mlima wangepiga picha na nini, na mahindi angemuuzia nani. Kijana wa bodaboda vilevile. Kuna mzee mmoja yeye hakuwa na neno nazo, ila akauliza mbona stima inatengenezwa juu ya kichwa chake na mvua ikinyesha kidogo tu kwake giza, ikabidi tumweleze inaingia gridi ya taifa kwanza, haishuki moja kwa moja nyumbani kwake. Akasema kumbe ni kama maziwa ya kupeleka Nairobi, ng'ombe wako na chai ya rangi unakunywa wewe.

Maina: Huyo mzee apewe kipindi.

Kadzo: Sasa fomu nambari 14. Mchungaji. Huyo ndiye peke yake aliyesema hapana, hazipendi, na sababu yake hakuna kitabu nimewahi kuiona. Anasema yeye mbuzi wake anawafuata kwa kengele. Wakiingia vichakani hawaoni, anasikiliza tu. Upepo ukivuma kutoka upande wa mitambo, ule mvumo, vuu, vuu, vuu, unameza kengele na anawapoteza. Watoto wanaandika, mimi nimesimama nyuma yao natikisa kichwa, najiambia hii ndiyo jiografia. Mmoja akaweka ile fomu juu ya jiwe atafute kalamu nyingine. Tunageuka, karatasi iko mdomoni mwa mbuzi.

Maina: Weee!

Kadzo: Na kengele alikuwa nayo shingoni, Maina! Amekuja mpaka hapa, hata hatua tatu si kweli, watu wanne tumesimama na hakuna aliyemsikia.

Maina: Aki ngoja. Ngoja nicheke. Mzee anasema sisikii mbuzi, halafu mbuzi anakuja kimyakimya anakula maneno ya mzee. Mbuzi ametoa ushahidi!

Kadzo: Mzee hata hakucheka. Alitutazama tu hivi, kama mtu anasema, si nimewaambia.

Maina: Na ukaandika nini kwa ripoti?

Kadzo: Tuna fomu 29. Moja iliharibika.

Maina: Iliharibika? Ililiwa.

Kadzo: Kwa ripoti ni kuharibika.

Maina: Mwalimu, na yule mzee?

Kadzo: Wale watoto wawili walitaka kuijaza upya kwa kukumbuka, nikakataa. Mmoja anakumbuka mzee amekaa pale miaka ishirini, mwingine anasema kumi na miwili, na mzee ameshaenda kutafuta mbuzi. Maswali yenyewe tulikuwa tumefika la nane.

Maina: Kwa hivyo watu wote wa Ngong wanapenda mitambo, kwa sababu aliyekataa ameliwa.

Kadzo: Sijasema hivyo. Iko kwa sehemu ya changamoto, nimewaambia waeleze.

Maina: Changamoto ni mvua. Changamoto ni matatu ya 111 kukosa nafasi. Mtu aliyesimama mbele yenu akaongea si changamoto, huyo ni jibu.

Kadzo: Na mimi nimewahi kupokea fomu 20 zenye mwandiko mmoja na wino mmoja, mtoto hakutoka hata nje ya bweni. Nikikubali ya kukumbuka leo, mwaka ujao kila fomu imeliwa na mbuzi.

Maina: Ha! Mbuzi wa Ngong watanona.

Kadzo: Unacheka lakini ndivyo itakavyokuwa.

Maina: Sikiza, mimi ni wa Kinangop, na hapa sichezi. Kwetu kulikuwa na mradi wa upepo wa megawati 60.8, wengine walikuwa wamekodisha mashamba tayari, kwa karatasi inaonekana watu wamekubali, lakini ukienda kwa mashamba ya viazi unasikia ingine. Ikafika maandamano, mtu akapoteza maisha, na 2016 mradi ukafutwa bila mtambo hata mmoja kusimama. Loiyangalani nako, kule Marsabit, mitambo ya upepo 365, ilikuwa inazunguka zamani ndio korti ya Meru mwaka 2021 ikasema hati za ardhi hazikufuata sheria. Kila mahali kuna fomu nambari 14, na kila mahali kuna mtu wa kusema iliharibika.

Kadzo: Hapo umechanganya. Kinangop na Marsabit ni shamba la mtu, ni malisho ya watu. Na Kinangop hiyohiyo kulikuwa na uvumi pia, ati magonjwa, watu wakashikilia. Ungekuwa na data iliyokusanywa sawasawa, ungejua lipi ni la ardhi na lipi ni la uvumi. Ndiyo maana nakazana na fomu.

Maina: Fomu ambayo mbuzi anaweza kuifuta. Kipeto, ule mradi wa upepo wa Kajiado, wana watu kazi yao ni kutazama angani, tai akikaribia mtambo unazimwa...

Kadzo: Tumbusi.

Maina: ...tumbusi akikaribia unazimwa! Ndege anasikilizwa bila kujaza fomu, mzee wa kengele anaambiwa hakumaliza swali la kumi na mbili.

Kadzo: Lo, hiyo imeniuma, lakini jibu ni lile lile. Ningerudi nimtafute, sawa. Kumjazia, hapana.

Maina: Basi utarudi?

Kadzo: Basi la shule si langu, Maina.

Maina: Mimi ningeandika tu, mwenyeji mmoja alisema hivi, fomu yake ikaliwa. Kwa wino mwekundu.

Kadzo: Na mimi ningekata alama.

Maina: Kata.

Kadzo: Nimekata.

Maina: Huyo anayegonga ni wa kwaya, wanaingia saa kumi na moja kamili. Tumebakisha dakika mbili na mambo matano yote yamelala hapa. Nisome basi moja. "La kwanza, usiulize swali linalomwekea mtu jibu mdomoni."

Kadzo: Hilo nalo tusilifungue leo.

Maina: Kwa nini? Mbona unaangalia chini? Mwalimu, soma swali la saba la fomu yenu.

Kadzo: Waliandika wanafunzi.

Maina: Soma.

Kadzo: "Je, unakubali kwamba mitambo ya upepo imeleta manufaa makubwa kwa jamii yako?"

Maina: Mungu wangu. Na hilo mbuzi alikula pia?

Kadzo: Alianzia juu, akashuka. Kipande kilichobaki kwenye jiwe kilikuwa na la saba.

Maina: Alilitema!

Kadzo: Sijui kama ni kutema ama tulimfukuza kabla hajafika. Kipande ninacho, kina mate. Nimekibandika kwa daftari.

Maina: Piga picha tuweke. Tunakuja, tunakuja, wa kwaya msivunje mlango...